Mwanahewa pasipo na hewa

Siku chache kabla ya sikukuu ya Jamhuri, ndege za kivita zilipita juu ya Pangani, vioo vya kinyozi vikatetemeka, naye kinyozi akazima mashine akiwa hajamaliza upande wangu wa kushoto. Kijana aliyekuwa akingoja zamu akasema hao wanaelekea Somalia. Mzee mmoja akamkatiza: ni mazoezi ya sherehe, kila mwaka ni hivyo hivyo. Wa tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaleta habari ya ile pete ya chuma iliyoanguka Makueni, kwamba lilikuwa kombora na wakubwa wakaficha. Kabla sijapakwa spiriti, ndege, roketi, setilaiti, droni na lile jeshi la Wamarekani la anga za juu vilikuwa vimetiwa katika sufuria moja na kukorogwa. Kinyozi akanigeukia. "Wewe husoma magazeti. Hebu tutenganishie."

Nilijaribu, nikazidi kukoroga. Hili ni jaribio la pili, safari hii nikiwa nimetulia mezani.

Hewa ni kitu, anga ni mahali

Kenya tuna Jeshi la Wanahewa. Watanzania wanaliita lao Jeshi la Anga. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini imebeba nusu ya somo. Hewa ni kitu: inavutwa, inasukuma, inaegemewa. Anga ni mahali tu. Ndege huihitaji hewa mara mbili. Mabawa yake huiegemea kama mtumbwi unavyoyaegemea maji, na injini yake huivuta ili mafuta yawake. Ukiipandisha ndege juu sana, hewa inazidi kuwa nyepesi, mpaka mabawa yakose cha kuegemea na injini ikose cha kuvuta. Ndiyo maana ndege za abiria zinazotoka JKIA hutulia kwenye kilomita 10 hadi 12 hivi, hazizidi hapo.

Hewa inaishia wapi? Haina ukuta wala boma. Kipimo kinachotajwa zaidi ni kilomita 100 kutoka usawa wa bahari, na huitwa Mstari wa Kármán. Wamarekani wao humhesabu mtu kuwa mwanaanga akivuka kilomita 80 tu. Zote mbili si mbali. Panda matatu ya Naivasha, kisha badala ya kufuata barabara ielekeze juu: utakuwa umetoka nje ya hewa muda mfupi baada ya saa ambayo ungekuwa unashuka stendi. Setilaiti nyingi za kupiga picha huzunguka kwenye kilomita 500 hivi, ambayo ni safari ya basi ya kwenda Mombasa. Watu wakisikia anga za juu hudhani ni kule mwezini. Zinaanza karibu kuliko kwa shemeji yako wa Kisumu.

Sasa vyombo. Roketi ni lori: hubeba mafuta yake na oksijeni yake pia, kwa hiyo haihitaji hewa ya mtu. Setilaiti ni mzigo ambao lori hilo huushusha huko juu na kuuacha. Kombora la masafa marefu ni lori lilelile, ila mzigo ni bomu na safari ni ya kupanda na kushuka upande wa pili. Ukilielewa hili moja, utaelewa kwa nini nchi ikirusha roketi ya "utafiti" majirani hukosa usingizi. Droni ni ndege ya kawaida ambayo rubani wake ameketi chini, au haipo mikononi mwa rubani yeyote bali imepewa njia ya kufuata.

Na ile pete? Ilianguka tarehe 30 Desemba 2024 katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, baada ya uchunguzi wa awali, kwamba ni pete ya pale sehemu za roketi zinapoungana na kutengana, ambayo kwa kawaida huungua ikirudi kwenye hewa au huangukia baharini. Kwa lugha ya lori, hicho ni kile chuma cha kuungia trela. Si kombora. Nitairudia baadaye, kwa sababu swali la nani alipe fidia lina historia yake.

Dungu na kombeo

Waliokulia kwenye mpunga wa Mwea au mtama wa Ukambani wanajua dungu, lile jukwaa la miti analokaa mtu wa kuamia ndege wasimalize nafaka. Aliye juu ya dungu ana vitu viwili: macho na kombeo. Lakini dungu halikujengwa kwa ajili ya kombeo. Jiwe unaweza kulirusha hata ukiwa chini. Dungu ni la kuona.

Nguvu ya anga ndivyo ilivyoanza, na kwa maoni yangu ndivyo ilivyo hadi leo. Wataalamu huieleza kama uwezo wa kuitumia anga upendavyo na kumzuia adui asiitumie apendavyo yeye. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona mabomu. Historia inaonyesha kwamba jicho lilitangulia, jiwe likafuata, na kila aliyedhani jiwe peke yake litamaliza vita alijikuta bado anahitaji watu wa kutembea shambani.

Dungu la kwanza lilikuwa puto. Mwaka 1794, katika vita vya Fleurus, Wafaransa waliinua puto lililofungwa kwa kamba, wakaweka mtu ndani, akawa anatazama majeshi ya upinzani na kuteremsha ujumbe. Ndege yenye injini ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye: ndugu wawili Wamarekani, Wright, waliruka tarehe 17 Desemba 1903 kwa sekunde 12, umbali wa kama mita 36. Kuna vioski vilivyo mbali zaidi ya hapo kutoka mlangoni pangu.

Miaka minane tu ikapita, na jiwe la kwanza likarushwa. Lilirushwa Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911 luteni wa Italia, Giulio Gavotti, aliruka juu ya Libya akiwa na mabomu madogo manne, kila moja likiwa na uzito wa kilo mbili hivi, akayadondosha kwa mkono huko Ain Zara na Tajura. Madhara yalikuwa haba, ila habari zake zikasambaa duniani. Kwa hiyo anayedhani vita vya angani ni jambo la Ulaya lililotufikia tukiwa watazamaji, amekosea tangu ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa pili pia uko kwetu, na ndio ninaoupenda zaidi. Septemba 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya kivita ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikakimbilia kwenye delta ya Rufiji. Delta ile ni mikoko na vijito vilivyosokotana. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, na kutoka baharini haikuonekana kitu. Wakaleta rubani raia na ndege yake ya kutua majini kutoka Afrika Kusini, naye akaipata manowari imejificha kati ya miti. Mwaka uliofuata, wakitumia uwanja walioutengeneza kisiwani Mafia, ndege ziliruka juu ya delta huku meli mbili ndogo, Severn na Mersey, zikifyatua mizinga bila kuiona shabaha. Mwangalizi ndani ya ndege ndiye aliyekuwa akituma kwa redio: kulia, kushoto, mbele kidogo. Tarehe 11 Julai 1915 ndege hiyo ilipigwa, injini ikafa, na wakati inashuka kuelekea mtoni mwangalizi akaendelea kutuma masahihisho. Ndege ikatua majini, waliokuwemo wakapona, na Königsberg ikaisha. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus mpaka leo, watoto wa shule hupanda juu yake kupigwa picha.

Angalia ndege ilifanya nini pale. Haikudondosha bomu lililoimaliza manowari. Iliwapa macho watu waliokuwa na mizinga. Na kule Ulaya, katika vita vilevile, Vita Vikuu vya Kwanza, kazi ya kwanza ya ndege ilikuwa hiyo hiyo. Marubani wa pande mbili walipoona wenzao wanachora ramani za mahandaki yao, wakaanza kubeba bunduki ili kuwazuia. Ndege ya kivita tunayoishangilia Uhuru Gardens ilizaliwa kama kidole cha kumtoboa mwenzako jicho.

Kabla ya kuondoka kwenye vita hivyo, kuna kisa cha puto kubwa la Wajerumani, L59. Novemba 1917 liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na shehena ya karibu tani 15 ya risasi na dawa kwa jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck kusini mwa Tanganyika. Ilikuwa safari ya kwenda tu: likifika, kitambaa chake kingeshonwa mahema na mifupa yake ingekuwa mlingoti wa redio. Lilifika Sudan, likaamriwa kwa redio lirudi, na likarudi Bulgaria baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Kushindwa kwake kulionyesha kwamba bara zima linaweza kuvukwa kwa hewa bila kugusa bandari ya mtu.

Ahadi ya bei nafuu

Baada ya vita hivyo ndipo uongo mtamu ulipoanza. Jenerali wa Italia, Giulio Douhet, alitangaza mwaka 1921 kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na ndege za mabomu peke yake: piga miji, raia watalia, serikali itasalimu amri. Uingereza, ambayo mwaka 1918 ilikuwa ya kwanza kulipatia jeshi lake la anga uhuru kamili kutoka kwa wanamaji na nchi kavu, ilikuwa tayari na mfano wake. Januari 1920 ilipeleka ndege 12 Somaliland kumpiga Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali aliyewasumbua kwa miaka ishirini. Katika wiki tatu ngome zake zilivunjwa akakimbia. Wakubwa wa London wakafurahia bei. Waliosimulia walisahau kutaja sawasawa kwamba chini kulikuwa na kikosi cha ngamia na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliotembea hadi kwenye ngome hizo. Bila wao, ndege zingekuwa zimevunja kuta na kurudi nyumbani.

Mussolini naye alimwaga gesi ya sumu kutoka hewani juu ya Wahabeshi mwaka 1935 na 1936, na Haile Selassie akaenda Geneva kuishtakia dunia, dunia ikatazama kando.

Vita Vikuu vya Pili sitavikalia, vimeandikwa vya kutosha. Mambo mawili tu. La kwanza ni rada: mwaka 1940 Waingereza waliweza kuwaona Wajerumani wakija wakiwa bado mbali, kwa hiyo marubani wachache walipelekwa mahali sahihi kwa saa sahihi badala ya kuzurura hewani wakimaliza mafuta. Jicho tena. La pili ni Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, ambapo ndege moja yenye bomu moja ilifuta mji. Ahadi ya Douhet ilionekana kutimia, lakini kwa silaha ambayo tangu siku hiyo kila mwenye nayo anaogopa kuitumia.

Kisha ikaja zamu yetu. Wakati wa Hali ya Hatari, ndege ndogo za Harvard zilitumwa kuanzia 1953 kudondosha mabomu mepesi kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na mwishoni mwa mwaka huo zikaja Lincoln, ndege nzito zenye injini nne, zikikaa Eastleigh. Fikiria: uwanja ambao leo ni Kambi ya Wanahewa ya Moi, hapo nyuma ya maduka ya nguo ya Eastleigh, ndipo mabomu yalipokuwa yakipakiwa. Msitu ukapigwa mchana na usiku. Tembo na nyati waliuawa, wengine wakajeruhiwa na kuwa wakali. Wapiganaji wa Mau Mau walikufa pia, lakini wachache mno ukilinganisha na mabomu yaliyotumika, kwa sababu ya jambo lilelile la Rufiji lililogeuzwa: chini ya miti ile, aliye juu ya dungu haoni. Zilikuwako hata ndege za kupaza sauti, zenye vipaza sauti tumboni, zikiwaambia wapiganaji wajisalimishe. Kilichowavunja hasa kilikuwa chini: msako wa Anvil ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, na watu zaidi ya milioni moja kusukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki ili msitu usipate chakula.

Msitu huo ulikuja kupigwa tena, na sisi wenyewe safari hii. Jeshi letu la Wanahewa lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wake wa vyeo vya chini walijaribu kupindua serikali. Walitaka ndege za Nanyuki zipige Ikulu, na marubani waliolazimishwa kwa bunduki waliruka, wakayatupa mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Jeshi hilo likavunjwa na kuundwa upya kwa jina lingine, hadi jina la zamani liliporudishwa. Mzee wa pale kwa kinyozi anakumbuka asubuhi hiyo. Nadhani ndiyo maana yeye hutaka kila kelele ya ndege iwe mazoezi ya sherehe.

Kupanda hadi pasipo na hewa

Septemba 1944 Wajerumani walianza kuipiga London kwa roketi ya V-2. Haikuwa na kelele ya kutahadharisha, ilikuja kasi kuliko sauti yake. Mwaka huohuo katika majaribio roketi ya aina hiyo iliyofyatuliwa wima ilivuka kilomita 100, chombo cha kwanza cha binadamu kufanya hivyo. Vita vilipoisha, Wamarekani na Warusi waligawana wahandisi wake kama warithi kwenye matanga. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, mpira wa kilo 83 unaolia bip bip. Kilichowatisha Wamarekani hakikuwa mpira. Walitazama lori: roketi iliyoweza kuuweka mpira ule juu ingeweza kuweka bomu juu ya Chicago.

Hapa kinyozi aliuliza swali la maana: setilaiti haina injini inayonguruma, mbona haianguki? Kuna dhana kwamba huko hakuna mvutano wa dunia. Upo, na katika kilomita 500 ni karibu sawa na huu wa hapa. Simama juu ya KICC, lile jumba refu la Nairobi, rusha jiwe mbele. Litaangukia City Hall Way. Lirushe kwa nguvu zaidi, liangukie Uhuru Park, zaidi, Kikuyu, zaidi, Ziwa Viktoria. Jiwe linaanguka wakati wote, lakini dunia ni duara, ardhi nayo inapinda. Ukilirusha kwa kasi ya kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde, ardhi inapinda kwa kadiri jiwe linavyoanguka, nalo haliifikii kamwe. Hiyo ndiyo setilaiti: kitu kinachoanguka kila siku na kuikosa dunia. Kasi hiyo ni Nairobi hadi Mombasa kwa dakika moja, na dunia nzima kwa saa moja na nusu. Ila hewa ikiigusa huipunguzia mwendo na kuishusha. Ndege huitafuta hewa, setilaiti huikimbia.

Kwa hiyo dhana nyingine nayo inakufa: kwamba setilaiti ya kijasusi "imesimama" juu ya nyumba yako. Ya kilomita 500 hupita kutoka upeo mmoja hadi mwingine kwa dakika kumi hivi, ikaenda zake. Inayoonekana imesimama ni ile iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako kasi ya kuzunguka inalingana na dunia kujizungusha. Ushahidi uko kwenye mapaa ya Umoja na Kayole: tazama dishi za runinga za Nairobi, zinatazama juu kabisa kama bakuli la kukinga mvua, kwa sababu setilaiti yake iko karibu utosini mwetu. Kule Ulaya dishi huegemea upande. Kutoka umbali huo haikuoni wewe wala gari lako.

Majeshi yalitaka nini huko? Dungu. Tarehe 1 Mei 1960 Warusi waliitungua ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, wakamkamata rubani. Miezi mitatu baadaye setilaiti ya mpango wa siri ulioitwa Corona ilipiga picha za Urusi kwa filamu, ikaidondosha filamu ndani ya chombo chenye parachuti, na ndege ikaidaka hewani juu ya Pasifiki kama mtu anayedaka embe kabla halijafika chini. Safari hiyo moja ilifunika eneo kubwa kuliko safari zote za U-2 juu ya Urusi. Na hakuna aliyeweza kuitungua wala kulalamika kisheria, maana Sputnik yenyewe ilikuwa imepita juu ya kila nchi bila kuomba ruhusa.

Kenya iliingia kwa mlango wa bahari. Mhandisi na jenerali wa anga wa Italia, Luigi Broglio, alichagua Ngomeni, karibu na Malindi, kuweka jukwaa la kurushia roketi. Karibu na ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi ikielekea mashariki hupewa msukumo huo bure, kama mtu anayedandia matatu iliyokwisha kuondoka. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, ikaruka ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Haikuwa ya kivita. Kutoka 1988 jukwaa halijarusha tena, na setilaiti yetu ya Taifa-1 ilibidi ipande roketi ya watu huko California, Aprili 2023.

Setilaiti za kivita zinazomgusa Mkenya kila siku ni za GPS, zile zinazoiwezesha simu kujua mahali ilipo. Ya kwanza ilirushwa 1978 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kupotea njia na kutunguliwa na Warusi tarehe 1 Septemba 1983, watu 269 wakafa, Rais Reagan aliahidi huduma hiyo kwa raia. Hadi Mei 2000 raia walipewa ishara iliyochafuliwa makusudi. Katika vita vya Ghuba, 1991, wanajeshi walivuka jangwa lisilo na mti wala kilima kwa kuifuata, na setilaiti nyingine zikatoa onyo makombora ya Scud yalipofyatuliwa. Simu ya dereva wa teksi hupokea tu saa zinazotangazwa na setilaiti nne au zaidi, ikapiga hesabu yenyewe. Setilaiti haijui dereva yuko Ngara, na GPS haihitaji bando. Bando ni la ramani.

Leo anayeziendesha ni lile jeshi la anga za juu la Marekani, lililoundwa tarehe 20 Desemba 2019. Kijana wa kwa kinyozi alikuwa na picha ya askari wenye bunduki mwezini. Wengi wao wameketi mbele ya skrini wakilinda saa hizo, wakiangalia moto wa makombora na kuhesabu takataka. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza silaha za nyuklia kwenye mzunguko na kambi za kijeshi mwezini. Haukatazi majicho.

Wala haukatazi kuyatoboa. Januari 2007 China iliipiga setilaiti yake kuukuu kwa kombora, vikabaki vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa. India ilifanya jaribio kama hilo 2019, na Urusi Novemba 2021. Parafujo moja kwa kasi ile ni risasi isiyochoka, na haichagui setilaiti ya adui. Hapa ndipo naona vita vya huko juu vinavyotofautiana na vyote vilivyotangulia: ukilivunja dungu la jirani, mbao zinakuja kuligonga lako.

Zingine huanguka chini. Januari 1978 setilaiti ya kijeshi ya Urusi, Cosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilitawanyika kaskazini mwa Kanada. Kanada iliomba dola milioni sita, ikapewa tatu. Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha hulipa hasara ya ardhini bila kuuliza ni kosa la nani, na huo ndio utakaosomwa siku chuma kitakapoangukia paa la mtu badala ya kichaka.

Na droni? Wakati kila mtu akitazama juu, vita vimeteremka. Huko Ukraine droni ya bei ya simu nzuri humwinda askari mmoja mmoja, na kwa kuwa mawimbi ya redio yanavurugwa, nyingine hufunguliwa waya mwembamba wa nyuzi za kioo nyuma yake kama kishada. Dungu limekuwa fupi kuliko mwembe. Na bado, Januari 2020, al-Shabaab walizichoma ndege za Wamarekani pale Manda, Lamu, zikiwa zimeegeshwa, kwa kuja kwa miguu.

Nilirudi kwa kinyozi na hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza mashine darini. "Sasa hapo juu ya duka langu, ni kwa nani?"

Nikamwambia kwamba kwa mkataba wa Chicago wa 1944, hewa iliyo juu ya Kenya ni ya Kenya, hata droni ya harusi hurushwa kwa kibali. Kwamba anga za juu, kwa mkataba wa 1967, hazimilikiwi na nchi yoyote. Kwamba mwaka 1976 Kenya, Uganda, Kolombia, Ekwado na nchi nyingine za ikweta zilitia saini huko Bogotá zikidai kile kipande cha kilomita 35,786 kilicho juu yao, na dunia ikakataa kuwasikiliza.

"Na kati ya hewa na huko juu, mpaka uko wapi?"

"Hawajakubaliana. Karibu na Naivasha."

Akawasha mashine.